Shangazi Aliambiwa Hili Si Jimbo Lake

Leo hapa Chapwa mkutano wa kampeni nusura uvunjike, na aliyeuvuruga ni shangazi yangu!

Mgombea ubunge alipomaliza tu kuongea, shangazi akasimama, akapewa kipaza sauti: "Mabomba yetu yamekauka. Utatusaidiaje?"

Kijana aliyekuwa anaendesha mkutano, jirani yetu kabisa, akampokonya kipaza sauti.

"Mama, wewe umejiandikisha Ndalambo. Jimbo lako ni Momba. Hili ni Jimbo la Tunduma. Kaa chini."

Shangazi hakukaa.

Nikajua mambo yameharibika, maana namjua shangazi.

"Nalala hapa. Maji natafuta hapa."

"Jimbo lako ni pale unapopigia kura, mama."

Jamani, nusu ya mtaa huu tunalima Ndalambo, na uandikishaji ulitukuta shambani!

Shangazi akawageukia watu: "Mlioandikishwa shambani kama mimi, twendeni. Tuwaachie wenye jimbo lao."

Safu yote ya mbele ikasimama. Mliokuwepo, semeni kama naongeza chumvi.

Mgombea mwenyewe akaja mbio: "Mama, subiri! Maji yamekatika tangu lini?"

Shangazi hata hakugeuka.

"Ngoja kwanza nikaulize jimboni kwangu."