Walivyosema Khala Sogra Ameridhika

Khala Sogra alipika katika shule ya msingi ya serikali mtaani kwetu Rangrezan kwa miaka kumi na mmoja. Khala ni mama mdogo, na mtaa mzima tulimwita hivyo, hata tusio na udugu naye. Asubuhi alichambua mchele, akaosha dengu, akawasha jiko, na ikifika saa saba watoto mia na arobaini walikaa chini kwa mistari, Wahindu kwa Waislamu, wakila khichri yake ya mchele na dengu.

Mwaka ule wa uchaguzi, wazazi wanane walimwendea mwalimu mkuu, Bwana Awasthi, wakamwambia watoto wao hawatagusa tena chakula kilichopikwa na Mwislamu. Wanane. Awasthi hakubishana nao. Alimwita Khala ofisini akamwambia apumzike nyumbani siku chache.

"Siku chache ngapi, mwalimu?"

"Nitakuita, Sogra."

Hakumwita. Wiki ya tatu, moshi wa jikoni ulianza kutoka tena, na aliyekuwa anakoroga sufuria ni mwanamke mwingine.

Mimi nina kibanda cha fotokopi karibu na mahakama, na huwa nawaandikia watu barua. Ndimi niliyemwandikia Khala malalamiko yake kwenda kwenye tume ya jimbo ya kulinda haki za dini zenye waumini wachache. Nilimwambia kwa majivuno ya mtu aliyezoea kusoma magazeti, "Khala, tume hii imeundwa kwa ajili yetu. Hata mwenyekiti wake ni mtu wetu, anaswali." Maneno hayo nimeyajutia mpaka leo.

Kila Jumatatu alipita kibandani, mtandio umefungwa kidevuni, mkononi kifuko cha mboga.

"Wamejibu, Irshad?"

"Bado, Khala."

Mwaka ukapita hivyo, na miezi miwili juu yake. Siku moja nikamweleza kwamba ipo sheria ya haki ya kupata habari. Raia yeyote anaweza kuiuliza ofisi ya umma imefanya nini, anaambatisha rupia kumi, na ofisi inatakiwa imjibu ndani ya siku thelathini.

Alinitazama kama niliyelewa pombe. "Yaani niwalipe ili niwaulize wamenifanya nini?"

"Ndiyo, Khala."

"Haya, andika. Nimeshazoea hasara."

Siku thelathini zikapita kimya. Tukakata rufaa kwa bosi wa ofisa habari, yule anayepaswa kujibu maombi, mle mle ndani ya tume. Ndipo ikaja bahasha yenye karatasi tatu. Khala alisoma Kiurdu tu, na ofisi huandika Kihindi, kwa hiyo nilimsomea.

Karatasi ya kwanza ilikuwa barua yake mwenyewe. Ya pili ilikuwa barua ya tume kwa mwalimu mkuu Awasthi, ikimwomba maoni, na malalamiko yote ya Khala yameambatishwa, jina lake na namba ya nyumba yake.

Akaniambia niishie hapo kwanza. "Tarehe ngapi?"

Nikamtajia.

Akahesabu kwa vidole. "Siku sita baadaye ndipo watu walipokuja kupiga kelele mlangoni kwangu. Wakanivunjia dirisha. Mimi nikawa najiuliza, nani kawaambia nimeshtaki? Kumbe ni tume."

Nikasoma ya tatu. Ilikuwa mistari miwili iliyoandikwa kwa mkono: *Mlalamikaji amepigiwa simu. Amesema aliacha kazi kwa hiari yake na ameridhika. Jalada lifungwe.*

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Simu gani?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Irshad, mimi nina simu?"

Hakuwa nayo. Hata leo hana. Alikaa kwenye kile kiti changu cha plastiki, wateja wakaja wakahudumiwa wakaondoka. Kisha akaniuliza swali ambalo mimi, msomaji wa magazeti, sikuwa nimelifikiria.

"Wengine wangapi wameridhika kama mimi?"

Ndilo lililokuwa ombi letu la pili. Tuliomba orodha ya malalamiko yote yaliyofungwa mwaka ule wa uchaguzi, pamoja na sababu za kuyafunga. Ofisa habari wa tume, Bwana Mathur, alijibu kwamba majina ni siri za watu. Tukakata rufaa, tukapigwa danadana miezi minane, na mwishowe orodha ikaja, kwa kuwa karani fulani hakuwa makini au alikuwa na huruma, sijui. Karibu malalamiko yote ya mwaka mzima yalikuwa yamefungwa kwa maneno yale yale. Hata kosa la tahajia lilikuwa lile lile.

Sita walikuwa wa mji wetu. Khala aliwatafuta kwa miguu. Wawili walikuwa wamehama, na mmoja alimfungia mlango. Wawili walisema hawajawahi kupigiwa simu na mtu yeyote wa tume, lakini wakamsihi asiwataje. Wa sita alikuwa Silas Masih, mlinzi wa makaburi ya Wakristo, aliyelalamika kwamba misalaba inang'olewa na polisi hawaandiki taarifa. Kwa mujibu wa tume, aliridhika kwa simu mwezi wa Julai, mwaka ule wa uchaguzi.

Aliyefungua mlango alikuwa binti yake, Anugrah, mshonaji. Nilikuwepo siku hiyo.

"Baba?" akasema. "Mama, baba tulimzika Machi."

Khala akashika kizingiti. "Machi ya mwaka wa uchaguzi?"

"Mwaka huo huo. Kabla ya Pasaka."

Tulipomweleza, Anugrah hakulia. Alikasirika, na kwanza alitukasirikia sisi. "Sasa mnataka nini? Nikapigane na serikali? Nani atanishonea hizi nguo?" Tukaaga. Tulikuwa tumefika njia panda aliposikika akikimbia nyuma yetu na cheti cha kifo ndani ya mfuko wa nailoni. "Kitoeni kopi mnirudishie leo. Kukipata tu kulinichukua miezi mitano."

Rufaa ya mwisho, ya kushitakia kuchelewa na uongo wa majibu yale, ilisikilizwa makao makuu ya jimbo, mbele ya kamishna wa habari. Tulikwenda kwa treni ya alfajiri, Khala na chapati zake na achari kwenye kopo. Mathur alikuwa mtu mpole, mwenye miwani mizuri, na alimwita Khala "mama" kila sentensi.

Kamishna akashika cheti. "Bwana Mathur, marehemu alipigiwaje simu?"

"Mheshimiwa, huenda simu ilipokewa na jamaa yake."

Khala hakusubiri kuruhusiwa. "Mheshimiwa, mwombe huyu bwana hiyo namba. Na mimi mume wangu yuko kaburini, kuna mengi sikuwahi kumwambia."

Chumba kizima kikacheka. Hata kamishna aliinama kuficha mdomo. Khala peke yake hakucheka. Alimkazia macho Mathur mpaka Mathur akaanza kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

Nilidhani tumeshinda. Kamishna akamtoza Mathur faini kwa kuchelewesha majibu, akaandika kwamba majalada yale "yanaweza kuangaliwa upya". Khala akauliza, "Na uongo wao?"

"Mama," kamishna akasema, na nadhani aliona haya, "kazi yangu ni kuhakikisha umepewa karatasi. Kilichoandikwa kwenye karatasi hakiko chini yangu."

"Kiko chini ya nani?"

"Chini ya tume."

Kwenye treni ya kurudi hakula. Alinipa chapati zake zote.

Jalada lake lilifunguliwa upya, na likapelekwa tena shuleni kuombewa maoni. Awasthi alikuwa amestaafu kwa mashada ya maua na hotuba. Mwalimu mkuu mpya akajibu kwamba nafasi ya mpishi imejazwa, kwa hiyo hakuna suala. Likafungwa. Mathur alipandishwa cheo mwaka uliofuata.

Ramadhani ile mwenyekiti wa tume alialikwa mtaani kwetu kufuturu. Kamati ya msikiti ilimwajiri Khala apike haleem, nyama iliyopondwa na ngano na dengu, maana hakuna anayeipika kama yeye. Mwenyekiti alikula sahani mbili. Akauliza kwa sauti ya furaha ni mikono gani imepika, atoe shukrani.

Khala akatoka nyuma ya pazia, mikono bado ina mafuta. "Ni mimi, Mheshimiwa. Sogra, mpishi wa shule. Yule mliyempigia simu."

Wanaume wa kamati wakaanza kukohoa. Mwenyekiti alielewa, nina hakika alielewa, kwa sababu tabasamu lilimkaa usoni muda mrefu kuliko lilivyopaswa.

"Mama, mambo haya yana utaratibu wake. Njoo ofisini."

"Nimeshakuja kwa posta mara saba."

Akamwekea mkono kichwani, kama mtu anayetoa baraka, na mpiga picha akapiga. Picha ile ilichapishwa kwenye taarifa ya mwaka ya tume, ukurasa mzima, kwa maelezo kwamba mwenyekiti anasikiliza kero za wanawake. Nilifikiri nimfiche asiione. Kijana wa magazeti akamwonyesha kabla yangu. Khala aliitazama akasema tu, "Mtandio wangu ulikuwa mchafu."

Tukaandika kwa mara nyingine. Tuliomba orodha ya mwaka mpya, ya waliofungiwa malalamiko kwa kuridhika. Safari hii walijibu upesi, kabla hata ya siku kumi: *Habari iliyoombwa haihifadhiwi na ofisi hii.* Walikuwa wameacha kuandika sababu ya kufunga jalada. Sheria inakupa kilichopo ofisini, na wao wamejifunza kutokuwa na kitu. Nani aliwafundisha? Nadhani ni sisi.

Sasa Khala anapika kwenye harusi. Mwezi uliopita mwanamke kutoka mtaa wa wafuma mazulia alikuja kibandani, mwanawe amekataliwa chumba cha kupanga kwa sababu ya jina lake, akataka nimwandikie barua kwa tume. Khala alikuwa ameketi pale. Mwanamke akamgeukia.

"Dada, wewe wanakujua. Barua inasaidia kitu?"

Nilitamani Khala aseme jambo la kumtia moyo, kwa ajili ya yule mama, na kwa ajili yangu pia.

"Mwanao atafute chumba kwingine leo," akasema. "Barua andika kesho."

Akainuka, akachukua kifuko chake. Kulikuwa na vitunguu vya watu mia tatu vinamsubiri.