Kibao cha Njia ya Kinu

Aimé Roumégous alikuwa fundi wa paa za mawe, na hapa kwetu katika bonde la mto Viaur huwezi kuinua macho bila kuiona kazi yake: kanisa, kinu cha zamani, mnara wa ngome uliobaki nusu, hata banda la nguruwe la marehemu mama yangu. Siku za kazi alikuwa juu ya ngazi, Jumapili alikuwa msituni. Kwa miaka ishirini ndiye aliyeongoza msako wa nguruwe mwitu. Yeye ndiye aliyepanga nani asimame wapi na bunduki, yeye ndiye aliyepuliza pembe ya kuanza na ya kumaliza, na ole wake mtu aliyefyatua risasi kabla au baada.

Kisha moyo ukaanza kumsumbua. Daktari akamwambia apunguze soseji na atafute kitu cha kumtoa jasho. Mkewe, Josette, ambaye kichwa chake ni kigumu kuliko mawe yote aliyowahi kubeba mumewe, akanunua baiskeli mbili zenye tairi nene za kupitia njia za changarawe, akaziegemeza ukutani, akasema, "Panda." Akapanda. Masika hayajaisha akawa ameipenda, na msimu mpya wa kuwinda ulipokaribia akasema harudi tena. Uongozi akamwachia Gaëtan, mtoto wa dada yake.

Wawindaji hawakumhurumia. "Mjomba, hiyo suruali ya kubana umeazima kwa nani?" Gaëtan alimuuliza mbele ya baa nzima.

"Kwa mama yako," Aimé akajibu, akamaliza kahawa yake.

Lakini kilimuuma. Nilimjua, na najua kilimuuma. Tangu hapo mjomba na mpwa wakawa wanaongea mambo ya hali ya hewa tu, na kila mmoja alimngoja mwenzake aanze kuuliza habari za maana.

Mimi ni Odile, niliyeendesha basi la shule la bonde hili mpaka nikastaafu. Nilikuwa na Aimé na Josette kwenye kikundi cha baiskeli, wazee watupu, na siku zote nilikuwa wa mwisho. Kwa ajili yangu Aimé alivaa pembe yake ya zamani shingoni: nikipotea nyuma, aliipuliza ili nijue wamepita wapi. Nataka kuisimulia ile Jumapili ya Novemba kwa sababu watu wanaisimulia ovyo, hasa wale ambao hawakuwepo.

Siku hiyo wengine waliogopa ukungu, tukatoka watatu tu. Tulipofika kwenye daraja la mawe ukungu ulikuwa umeshapanda na jua limetoka. Pale njia zinagawanyika. Barabara ya lami inafuata mto, na Njia ya Kinu inapanda kwa changarawe katikati ya msitu wa mialoni hadi Laguarrigue, kijiji cha juu, ambako dada yangu alikuwa ametuwekea keki ya jozi. Josette akafunga breki.

"Hawawindi huko leo?"

Aimé akaitazama kona ya njia. "Unaona kibao cha onyo? Hakuna kibao, hakuna msako. Wangekuwa wanawinda wangekiweka."

"Mpigie Gaëtan umuulize."

"Simu haishiki huku bondeni, unajua. Na nimuulize nini yule? Msitu huu nimeujua kabla hajaota meno."

"Kwani kuuliza kunauma?"

"Josette, twende, keki inakauka."

Josette akabetua midomo. Kisha akavua reflekta yake, ile fulana ya njano inayoonekana toka ng'ambo ya bonde, akaikunja. "Nishikie. Nitachemka kwenye kile kilima." Akabaki na sweta yake ya kahawia aliyoifuma mwenyewe. Aimé akaitia reflekta kwenye mkoba wa baiskeli, na mkewe akatangulia, kama kawaida yake kwenye vilima, kwa kuwa moyo wake mzima na miguu yake mizuri.

Sisi wawili hatukufika mbali. Mbele ya kinu cheni yangu ikatoka, na Aimé akapiga magoti kuirudisha, akininung'unikia kwamba baiskeli yangu ina kutu kuliko lango la makaburi. Hapo ndipo pembe ilipolia juu ya vichwa vyetu, msituni. Mlio mmoja, mrefu.

Aimé akaiacha cheni.

"Nini?" nikamuuliza.

"Wameanza."

"Wameanza wapi?"

Akaonyesha juu kwa kidole chenye grisi. Hakuhitaji kusema zaidi. Tukasikia kengele za mbwa zikiingia msituni kutoka upande wa mto. Aimé akafungua mkoba, akaitoa ile reflekta, akaitazama mikononi mwake. Sijawahi kumwona mtu mzima akiogopa kiasi kile.

"Mbwa wanawasukuma nguruwe kupanda," akasema. "Bunduki ziko juu ukingoni. Kwenye kona ya mwaloni mkubwa yuko Élie. Mimi ndiye niliyempa nafasi ile."

Élie ni mtu mwema, lakini sikio moja limekufa na macho yake si kama zamani. Mbele ya mwaloni ule njia inatokeza ghafla kwenye magugu marefu, ambayo Novemba yote huwa ya kahawia. Na Josette alikuwa anayapandia magugu hayo na sweta ya kahawia.

"Puliza!" nikamwambia. "Puliza ya kumaliza!"

"Si yangu tena kupuliza, Odile."

Nilitaka kumpiga. Lakini nilijua anachosema. Pembe ya kumaliza hupulizwa na kiongozi peke yake. Ikilia mara tatu, kila mtu anaondoa risasi kwenye bunduki hapohapo, hata kama nguruwe amesimama anamwangalia. Kuna kijana aliwahi kuipuliza kwa mzaha, na Aimé mwenyewe akamfukuza kwenye kundi mbele ya baba yake. Hakuna aliyekula meza moja na kijana yule tena.

"Mkeo yuko huko juu!" nikapiga kelele.

Akapuliza. Milio mitatu mirefu, wa mwisho ukikatika ghafla, vile alivyozoea kuukata miaka yote. Sauti ikapanda bonde zima. Mbwa hawakujali. Tukangoja, midomo wazi.

Kutoka juu ikajibu pembe nyingine, mlio mmoja, mrefu na wa hasira. Kuanza.

"Anaanzisha upya," Aimé akasema. "Mpumbavu yule anadhani namchezea!"

Akarukia baiskeli, akaanza kukipanda kilima huku akipuliza. Hebu fikiria mtu wa moyo mbovu, gia imebana, changarawe inateleza chini ya tairi, mkono mmoja kwenye usukani na wa pili kwenye pembe. Mimi nilimkimbilia nyuma nikisukuma baiskeli isiyo na cheni, sijui kwa nini sikuitupa. Alipuliza mara mbili, na ya tatu ikatoka hewa tu. Akashuka, akajiegemeza kwenye mti, kiganja kifuani.

"Puliza wewe," akaniambia.

Nilijaribu. Ikatoka sauti ya ndama anayeumwa tumbo. Akaninyang'anya, akafumba macho, akavuta pumzi niliyodhani ni ya mwisho wake. Kisha akapuliza tena, tatu kamili, wa mwisho ukakatika kama kawaida.

Kimya. Hata Gaëtan hakujibu. Nguruwe jike mkubwa akatokea juu yetu na watoto wake, akaikatiza njia bila haraka, akapotea upande wa pili. Nilikuwa nikiungoja mlio wa bunduki kwa mwili mzima. Kila tawi lililovunjika lilinipasua.

"Aimé!" ikaita sauti kutoka kwenye kona. "Umeingiwa na wazimu? Pembe ya nini yote hiyo?"

Josette alikuwa anateremka akiikokota baiskeli. Kando yake alitembea Élie, bunduki mkononi imefunguliwa na haina risasi, uso umempauka. Aimé hakumjibu mkewe. Alimvika reflekta kama unavyomvika mtoto wa kwenda shule, vifungo akavikosea.

"Niache, naweza mwenyewe," Josette akasema. Kisha akamgeukia Élie, akamtazama vizuri, na akaacha kubishana.

Wawindaji walitukusanya wote kwenye kibanda chao. Gaëtan aliingia anafoka kabla mlango haujafunguka sawasawa.

"Mjomba! Ulituachia kundi, sasa unataka kutuongoza kwa mbali? Mbwa wamechanganyikiwa, nguruwe wote wamepita! Ungekuwa mtu mwingine ningekufukuza bondeni!"

Aimé alikuwa bado anatafuta pumzi. Aliyeinuka ni Élie. Akatoa risasi moja mfukoni, akaisimamisha juu ya meza, mbele ya Josette.

"Hii ilikuwa yako, Josette," akasema.

Gaëtan akaisogelea meza.

"Aimé alipopuliza mara ya kwanza, niliitoa kwenye bunduki," Élie akaendelea, polepole, kwa sauti ya juu ya watu wasiosikia vizuri. "Gaëtan akapuliza kuanza, nikairudisha. Kitu cha kahawia kikatikisika kwenye magugu. Nikaweka jicho. Nikasema, huyu mkubwa. Kisha Aimé akapuliza tena. Wewe ndiye kiongozi wangu, Gaëtan, sikatai. Lakini kidole hiki kimemtii yeye miaka ishirini. Kiliacha chenyewe."

Akaketi, akajifunika uso kwa kofia, akalia bila kuficha. Gaëtan naye alijishusha kwenye benchi, mikono kati ya magoti.

Hapo ndipo Aimé alipopata sauti. "Na kibao?" akaunguruma. "Kibao cha Njia ya Kinu kiko wapi? Ungeweka kibao, tusingepita! Nimekufundisha nini mimi?"

Gaëtan alimwinulia mjomba wake uso. Huu ulikuwa msako wao wa kwanza upande wa Kinu tangu Aimé aondoke.

"Kile ulikuwa unakiweka wewe mwenyewe, mjomba," akasema, si kwa hasira tena. "Unakuja nacho, unaondoka nacho. Nilidhani bado utakiweka. Nilitaka kukuuliza. Kiko kwako."

Aimé akamgeukia mkewe.

"Kiko kwetu," Josette akasema. Alikuwa ameishika ile risasi kiganjani. "Ndicho mlango wa banda la kuku. Ulikipigilia wewe majira ya joto, maandishi yakaangalia ndani. Nakifungua kila asubuhi."

Basi msimu mzima walioonywa walikuwa kuku. Siku nyingine ningecheka mpaka mbavu ziniume. Siku hiyo nilimwona Aimé akizeeka pale mezani, na sikuweza kumtazama usoni.

Jumapili iliyofuata alifika darajani kabla ya wawindaji wote, kibao kimefungwa mgongoni kwa kamba na bado kina manyoya ya kuku. Gaëtan alikuja na kigingi na nyundo. Hawakuambiana mengi. Josette alikishika kigingi, reflekta imefungwa hadi shingoni, na Aimé akagonga.

"Bado," Josette akasema.

Akagonga tena.

"Bado, Aimé. Kinatikisika."

Aligonga mpaka jasho likamtoka. Josette akakishika kibao kwa mikono yote miwili, akakisukuma huku na huku kwa uzito wake wote, na hakikusogea. Ndipo akapanda baiskeli. Tulishika barabara ya lami, na kwenye kilima cha kwanza, ambako siku zote humpita mumewe, hakumpita.