Mbegu ya Upande wa Mawe

Mwezi wa kumi na moja nilipanda bodaboda mpaka mjini, Mazwi, kununua mbegu ya mahindi, nikarudi na hasira ambayo hadi leo haijapoa. Wewe msomaji ni mtu wangu, basi nakwambia wewe kabla sijapasuka.

Duka la pembejeo lina binti mmoja, kucha kazipaka rangi, lakini adabu anayo. Kaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, kanipa mfuko wa mbegu zilizopakwa dawa nyekundu kama pipi. Kisha akasema, "Bibi, usije ukatunza mavuno yake ukayapanda tena. Hayatazaa vizuri."

"Sasa mwakani nipande nini?"

"Mwakani unakuja tena, bibi. Tupo."

Tupo! Nilitoka pale bila kuaga. Bibi yangu mzaa mama angesikia neno hilo angetema mate mpaka barabarani. Mbegu isiyoruhusiwa kuuona mwaka wa pili, baridi ya Ufipa itaijua lini? Upepo wetu itauzoea lini?

Mimi shule niliishia darasa la nne, ila kitu kimoja nilifundishwa vizuri kuliko walimu wote wangeweza. Nilifundishwa kuchagua mbegu.

Nililelewa na bibi huyo kijijini kwetu, upande wa Kaengesa, nchi ya majani marefu na vilima, miti ya kuhesabu. Mvua zikikaribia kwisha tulikuwa tunageuza majani na kuyafukia ndani ya vichuguu vya udongo tunavyoviita ntumba. Juu tunapanda maharage, chini majani yanaoza. Harufu yake naijua hata usingizini, harufu nzito ya udongo uliovunda, tamu kidogo. Mvua zikirudi vichuguu vinabomolewa, mbolea inasambazwa, tunapanda ulezi. Ulezi ndio ulikuwa ugali wetu, uji wetu na pombe yetu. Mahindi yalikuwa ya kuchoma.

Ulezi ukiiva, hakuna mtu aliyeruhusiwa kutia kisu shambani kabla ya bibi. Alipita peke yake na kisu kidogo, mimi nyuma na kikapu. Alipita katikati ya ulezi mnene, mzuri, umeinama kwa uzito, wala hautazami. Anakwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa shamba, upande wa mawe, ambako udongo ni mwembamba na upepo wa mwezi wa sita unapiga kama fimbo. Huko ndiko alikokata mbegu.

Mwaka mmoja goti lilimuuma, akanitanguliza nikaanze. Nilikuwa na miaka tisa hivi na nilitaka kusifiwa. Nikajaza kikapu masuke makubwa kuliko yote, kutoka pale palipokuwa zizi la zamani. Nikamletea nikiwa nimevimba kifua. Aliyatazama, akayamwaga yote kwenye rundo la chakula.

"Hawa wamelishwa," akasema. "Mimi nataka waliojilisha."

"Lakini bibi, ni makubwa!"

"Hata nguruwe ni mkubwa. Rudi kwenye mawe."

Nilirudi nalia, kamasi zinanitoka, nikakata yale masuke madogo yaliyokuwa yamesimama pale ambapo majirani zake wamekufa. Alipokuja akachambua moja moja. Yapo masuke yaliyokunjwa kama ngumi, yapo yaliyofunguka kama vidole. Nilikuwa nimekata ngumi tupu kwa kuwa zinapendeza. Akanipiga kofi la kisogo, si la kuumiza.

"Mvua isipotaka kuondoka, ngumi inaoza ndani. Vidole vinakauka. Ndege wakiwa wengi, vidole vinaliwa, ngumi inabaki. Wewe unajua mwakani anakuja nani?"

Sikujua. Naye hakujua, ndiyo maana alichanganya vyote, vya kuwahi na vya kuchelewa, vyekundu na vyeusi, akavifunga fungu moja na kulitundika kwenye uchaga juu ya moto. Moshi ukalifanya jeusi, wadudu wakaliogopa.

Hata watu aliwatazama hivyohivyo. Wauza dagaa waliopanda kwetu kutoka Kirando, kule ziwani, walitetemeka meno mwezi wa saba, wamejifunga vitenge viwili, na sisi watoto tuko pekupeku kwenye umande tunawacheka. Bibi akatukemea. Akasema sisi tukishuka ziwani, wiki haiishi tumelala na homa, wao wanakula samaki na kuimba. "Kila mtu kafinyangwa na kwao," akasema, "na kufinyangwa kunauma."

Kulikuwa na jirani yetu mmoja, mwanamume mwenye maneno. Yeye alichagua ngumi tu, miaka mitatu mfululizo, shamba zima limelingana kama nywele zilizokatwa na kinyozi. Alikuwa akipita anamwambia bibi, "Mama, shamba lako lina vichaa wangapi? Huyu mrefu, huyu mfupi, huyu kalala!"

"Vichaa wangu wananilisha," bibi anamjibu.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua ilikataa kuondoka. Ulezi umeiva, mvua inanyesha. Ngumi zikaota ukungu, ukizishika vumbi la kijani linatoka. Za kwetu pia zilioza, sitakudanganya, tulipoteza karibu nusu. Ila vidole vilikauka. Jirani hakupata hata cha kupanda. Akaja mlangoni kwetu kofia mkononi.

"Karibu," bibi akasema. "Leo hukuja kuwahesabu vichaa?"

"Mama, nisitiri."

"Nitakusitiri. Kaa ule kwanza."

Akampa ugali, akampa mbegu sahani mbili zilizojaa. Sharti lilikuwa moja, nalo halikuwa lake peke yake, ndiyo ilikuwa desturi ya wanawake wote wa pale. Akivuna, arudishe sahani moja, tena aikate kwenye kona mbaya kuliko zote za shamba lake. Hivyo mbegu yetu ilikuwa inakwenda kulala kwa watu, inapigwa na mawe ya wengine, inarudi imejua mambo mapya. Ikifia kwako, iko kwa mwenzako. Hakuna aliyeiita sayansi. Hakuna aliyetupa cheti.

Bibi alipofariki fungu likawa langu, na hapa ndipo hasira yangu inapoacha kumtafuta binti wa dukani.

Nilikuwa nimeolewa, kijana, najiona. Akaja bwana shamba, akatukusanya, akasema ulezi ni zao la njaa na ulevi, ntumba ni kujichosha bure, limeni mahindi ya kisasa. Nani alipiga makofi ya kwanza? Mimi. Na mahindi yalizaa! Lazima niseme kweli. Miaka ile ya mwanzo yalizaa mpaka tukakosa pa kuyaweka. Wanangu walisomeshwa na mahindi hayo. Nyumba ya bati ilitoka kwenye mahindi hayo. Kwa hiyo sisemi bwana shamba alikuwa mwongo. Nasema hakuna aliyetuambia tutunze na kile tulichokuwa nacho, na mimi niliyefundishwa kwa kofi la kisogo sikuhitaji kuambiwa.

Bati lilipopigwa, mume wangu akataka sherehe. Pombe itengenezwe ya ulezi, ile ya wazee, wageni waheshimike. Ulezi wa chakula hatukuwa nao tena. Wenzangu walikuwa wameshaacha kulima, kila mtu akidhani mbegu iko kwa mwenzake. Nikainua macho kwenye uchaga. Nikasema, si mwakani tutaomba kwa jirani, nikalitungua fungu la bibi.

Unajua kimea kinavyotengenezwa. Unaloweka nafaka, unaifunika, unasubiri ichipue, ndipo unaianika na kuisaga. Siku ya tatu nikafunua. Ilikuwa imechipua yote. Hakuna punje iliyogoma. Vijimizizi vyeupe vimeshikana kama sufu, vinatafuta udongo. Vilidhani vinakwenda shambani. Nikavitandaza juani kwa mikono hii, vikanyauka, nikavisaga. Watu walikunywa, wakacheza, wakanisifu mpaka mama mkwe, ambaye hakuwahi kunisifu, akasema pombe hii ni tamu. Ilikuwa tamu kweli.

Mwaka uliofuata nikaenda kwa jirani. Yeye mbegu yake alikuwa amewalisha kuku. Nikaenda kwa mwingine, na mwingine. Nikacheka kwa aibu, nikasahau. Nimesahau miaka arobaini.

Siku hizi mvua inakuja kama mgonjwa wa akili, inaanza, inakatika, inarudi wakati hakuna anayeitaka. Msimu uliopita mahindi yote ya kijiji yalikauka kwa wiki moja, yote kwa pamoja, kwa sababu yote ni mbegu moja. Ndipo nikanunua ulezi sokoni, kilo mbili, sijui umetoka mkoa gani, nikapanda upande wa mawe. Baridi ilipokuja ukalala chini kama umepigwa risasi. Yaliyobaki yamesimama yalikuwa mashina saba. Madogo, mabaya, ngumi tatu na vidole vinne. Nimeyakata, nimeyatundika juu ya moto, maana jiko la moshi nimelirudisha, na wakwe waseme wanachotaka.

Wanangu wananiambia, mama, si umeshaanza, basi imepatikana. Wanasema hivyo wakitazama simu. Hawaelewi. Fungu lile bibi alilipokea kwa bibi yake, naye kwa bibi yake, na kila mmoja alilipitisha kwenye njaa yake, nzige wake, mvua yake. Nimekaa hapa nahesabu hao bibi mpaka vidole vinaniishia. Ndio waliohitajika kuutengeneza ulezi ule. Na sisi tuliumaliza kwa jioni moja, kwa kata ya pombe, tukajipangusa midomo.

Mimi nimebaki mmoja, na magoti yamekwisha.