Wali si Wari

Kuna harufu moja inayonitoa kwenye harusi za watu. Ni ya vitunguu vinavyokaangwa kwa wingi mpaka vikawa vyekundu na kukauka, tayari kutiwa kwenye biriani. Wenzangu wakiisikia husogea karibu na masufuria na kuanza kutaniana na wapishi. Mimi hutafuta kisingizio, nikajitanda kanga yangu nikaenda zangu. Wanaonijua wameshazoea kusema kuwa Sidi ana maringo, hali chakula cha watu. Sina maringo yoyote. Nitawaeleza ninyi, maana wao sijapata kuwaeleza.

Ilikuwa miaka ya themanini, kabla Kilifi haijapata daraja, nami nilikuwa mtoto wa miaka kama minane hivi. Kwetu ni Vitengeni. Baba alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya watalii Malindi, na kazi ile aliipenda kuliko hata likizo zake. Akija nyumbani alikuja na hadithi za vyakula: samaki aliyewashwa moto mbele ya wageni, jibini yenye harufu ya soksi ambayo Wazungu waliing'ang'ania. Alitufundisha kutoweka viwiko mezani, ingawa meza yenyewe hatukuwa nayo, tulikula mkekani. Mama alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu.

Mama ndiye aliyeugua. Alianza kwa kusema chakula kinamkaa kifuani hakishuki, kisha kikawa kinarudi, kisha nguo zikaanza kumpwaya. Alipelekwa kwa waganga wa huko kwetu, akapelekwa hospitali Kilifi, na mwisho tukaambiwa twende Mombasa. Hawe, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, yaani mama yake mama, alitusindikiza hadi barabarani. Alimshika mwanawe mkono, hakusema jambo refu. "Usikawie huko," alimwambia. Mama akaitikia kwamba hatakawia.

Nilichukuliwa safari ile kwa sababu nilikuwa bado mdogo na nililia sana. Tulifikia Kisauni kwa Shangazi, dada yake baba. Siku ya hospitali niliketi kwenye benchi nje ya chumba cha daktari, mlango ukiwa wazi nusu, na nikasikia kwa masikio yangu mwenyewe maneno yaliyosemwa mwishoni. Daktari alisema polepole, "Mrudishe nyumbani. Mpe chochote anachotaka."

Baba alitoka mle akiwa amechangamka. Sijui maneno mengine yalipotelea wapi, lakini yale ya mwisho aliyashika kama anavyoshika maagizo ya mgeni mezani. Njia nzima aliyarudia. Tulipofika Kisauni alimwambia Shangazi kabla hata ya kuketi, "Daktari kasema apewe chochote atakacho. Ni kula tu, dada. Akila, nguvu zitarudi."

Shangazi alikuwa akichambua mchicha. "Kasema hivyo? Apewe chochote?"

"Hivyo hivyo."

Aliinuka na ungo wake akaingia jikoni, akakaa huko kitambo. Nilipomfuata nilimkuta amejifunika uso kwa upindo wa leso. Akaniambia ni moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa, na mimi sikulishangaa hilo, maana akili yangu yote ilikuwa kwenye neno chochote. Kwetu hakuna mtu aliyewahi kuambiwa apewe chochote. Niliona mama yangu amepata bahati ya ajabu, na kwamba mimi, niliyekuwa nimekaa karibu naye, nitapata makombo ya bahati hiyo.

Sasa ninyi mjue kwamba baba alikuwa amewahudumia watu maisha yake yote na hakuwa amehudumiwa hata siku moja. Hoteli kubwa za kula za Mombasa alizijua kwa sifa tu, kwa kusimuliwa na wahudumu wenzake. Akatoa akiba yake, akavaa suruali yake iliyonyooshwa, akatupeleka kwanza kwenye hoteli ya biriani iliyokuwa ikitajwa mpaka Malindi. Huko ndiko nilikoipatia ile harufu. Tulikuta mapangaboi yanazunguka darini, meza za marumaru zenye ubaridi, na sahani zilizojaa wali wa rangi tatu na vitunguu juu yake. Nilikula mpaka masikio yakawa yananichonyota kwa pilipili. Mama alitia matonge mawili kinywani, la pili akalitema kwenye kiganja na kulificha. Baba alimwangalia, na uso wake ukanywea kabisa.

Jioni ile, tukiwa tumelala wote watatu chumba kimoja, nilimsikia mama akisema, "Baba Sidi, nirudishe kwetu. Nataka kumwona mama."

"Tutakwenda, Mama Sidi. Lakini safari yataka nguvu. Wewe kula vizuri, nikuone umekula, siku hiyo hiyo tutafunga mizigo."

Hayo ndiyo yaliyokuwa makubaliano yao. Nayaeleza wazi kwa sababu kila kilichofuata kilitoka hapo.

Hoteli ya pili ilikuwa ya Wahindi, ya ghorofani, yenye vioo ukutani. Baba hakuweza kutulia kitini. Ilikuwa tabia ya kazi yake. Alipoona mwenzake anabeba sahani nne kwa mkono mmoja ilimbidi ainuke amfuate, waulizane habari za jikoni, nani mpishi, mafuta yanabadilishwa lini. Alipoondoka tu, mama alivuta sahani yake akaisukuma mbele yangu. "Kula, mwanangu. Kula upesi." Nilikula. Zilikuwa sambusa na nyama ya kuku yenye mchuzi mzito wa manjano, na mimi nilizaliwa na tumbo lisilojua kushiba. Baba aliporudi alikuta sahani ya mama haina kitu, ila mifupa.

Sijasahau uso wake. Alisimama na mikono ameining'iniza, akamtazama mama, akaitazama sahani. "Amekula," aliniambia mimi, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kumwambia. "Umeona, Sidi? Mama yako amekula."

"Basi kesho twende," mama akasema.

Lakini mtu aliyeona dalili ya kupona haondoki kwenye dawa. Baba aliketi, akapiga meza kidogo kwa kidole, akasema, "Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Ngoja kwanza. Kama hapa umemaliza sahani, kuna mahali nitakupeleka kesho, huko utaomba kuongezwa."

Tukazidi kukaa. Tulikwenda kwa muuza faluda aliyekuwa na foleni mpaka barabarani. Tukaenda kwa mchoma mishikaki ambaye baba aliapa kwamba hakuna mfano wake hadi Lamu. Kila mahali baba aliinuka kwenda kusalimiana na wahudumu, na kila mara sahani ya mama ilikuja kwangu chini chini, na yule aliyekonda akaonekana anakula na yule aliyekuwa akila akaanza kunenepa. Shangazi alinitazama mashavu akasema Mombasa imenikubali. Usiku nililala nikiomba tusirudi Vitengeni upesi.

Ya mwisho ilikuwa hoteli ya vitambaa vyeupe mezani. Mama hakuweza kupanda ngazi zake, baba alimbeba. Mhudumu alikuwa kijana wa Mombasa, mwenye adabu, akainama. "Karibu mama, starehe. Wataka nini leo?"

Mama hakumtazama yule kijana, alimtazama baba. Akasema, "Nataka wari."

"Wali upi, mama? Tuna wa nazi, tuna wa bizari."

"Wari," mama akasema tena.

Kijana akaandika, akaenda, akarudi na wali wa nazi uliofinyangwa kwa bakuli ukasimama katikati ya sahani kama kichuguu. Kwetu, kwa wasiojua, wari ni sima. Sima ya mahindi tuliyoyatwanga wenyewe, inayosongwa kwenye nyungu na kuliwa na mboga ya kunde. Mama aliuangalia ule wali akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika na watu wa meza za jirani wakageuka. Nami nilicheka, kwa kuwa ni kosa linalochekesha kweli, na bado huwapata watu wetu wakienda mjini.

Baba alikuwa ameona haya. "Jamani, Mama Sidi. Watu watoka mbali kuja kula hapa, nawe wauliza wari. Wari uko nyumbani."

"Basi nipeleke uliko."

Alisema bila ukali. Baba alikunja kitambaa chake cha mezani, akakikunjua, akakikunja tena vile alivyofunzwa Malindi, pembe kwa pembe. Kisha akasema anakwenda kumwomba kijana walau supu, akainuka. Mama akausukuma ule wali kwangu. Sahani ikagonga bilauri. Nilikula wote.

Alfajiri ya pili yake mama hakuweza kuketi. Shangazi, ambaye nilikuwa nimemsimulia niliyoyasikia pale kwenye benchi, na ambaye hakuwa mtu wa kumpandishia kaka yake sauti, alisimama mlangoni akamwambia, "Kaka, daktari alisema maneno mawili, wewe umelichukua moja. Alisema mrudishe nyumbani. Anayeambiwa ale atakacho ni yule asiyekuwa na dawa. Mpeleke kwao." Baba alimwangalia kama mtu anayesemeshwa lugha ya kigeni. Halafu akaanza kutafuta viatu vyake, na vilikuwa miguuni.

Tulipanda basi asubuhi hiyo. Mama alikaa dirishani, baba katikati akimshikilia bega, mimi pembeni. Foleni ya feri ilikuwa ndefu, na basi letu lilisimama Mnarani muda mrefu sana, mji wa Kilifi ukionekana ng'ambo, mabati yake yakimeta. Sikusikia kitu. Nakumbuka tu kwamba baba aliacha kumpepea, akamfunika mama leso mpaka kidevuni, akakilaza kichwa chake kwenye bega lake.

Zamu yetu ilipofika utingo alipita akitangaza abiria wote washuke, ndiyo ilikuwa sheria ya feri. Akafika kwetu. Baba alimwinulia uso, na sauti aliyotoa ilikuwa ile ya kazini, laini, ya kumwomba radhi mgeni.

"Huyu mwache, kijana wangu. Ameshiba, amelala."

Utingo akapita. Nilibaki nao ndani ya basi tukavuka hivyo.

Vitengeni tulimfikisha jioni. Hawe alipomaliza kulia aliuliza jambo moja tu, akiwa amekaa chini na miguu ameinyoosha: mwanangu alikula? Baba, ambaye kwa heshima ya mkwe hakuthubutu kumtazama usoni, alijibu akiangalia ardhi kwamba alikula, alikula vizuri, kila sahani aliimaliza. Nikawaona wanawake waliomzunguka Hawe wakitikisa vichwa, wamepata faraja kidogo.

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, nilipoelewa kwamba mama hakunipa chakula chake kwa sababu alinipenda, ingawa alinipenda. Alihitaji sahani tupu ili arudishwe kwao. Na kila sahani niliyoimaliza ndiyo iliyomfanya baba aseme tukae siku nyingine. Mimi, mama na baba, kila mmoja alifanya alichoweza, na vyote vitatu vilimweka mbali na Hawe.

Baba yu hai, ni mzee sana sasa. Wageni wakija huwasimulia zile hoteli moja moja, mapangaboi, vioo, vitambaa vyeupe, na mwisho hunigeukia. "Muulizeni Sidi, alikuwapo. Mama yake alikula, au hakula?"

Nami huwa nasema, "Alikula, baba. Alimaliza."