Turubai la Sinema Yetu

Mtanisamehe kwa mwandiko huu na makosa ya herufi, mimi niliishia darasa la nane na mkono wangu ni mzito, ukurasa mmoja unaweza kunimalizia asubuhi nzima. Jambo lenyewe ni la aibu, lakini mtaa wetu wote wa Manyatta wanalijua, kwa hiyo afadhali mlisikie kwangu kuliko kwao, maana wao wanaongeza (wanasema kulikuwa na jeneza, hakukuwa na jeneza).

Yote yalianza na disko la mchana. Jumapili tulikuwa tunaenda klabu moja mjini ambako walianza kupiga muziki wa mashine, muziki usio na gitaa wala mwimbaji, ngoma moja tu inagonga bila kuchoka na sauti nyingine zinaingia na kutoka, na mimi nilikuwa nasimama ukutani na soda yangu mpaka inapata moto mkononi, kwa sababu mimi ni mtu wa haya na sijawahi kumwomba msichana tucheze. Lakini macho yangu hayakuwa na haya. Nilikuwa namwangalia rafiki yangu Odhis akicheza kama mtu aliyetengenezwa kwa chuma, na hapo hapo ukutani nikaipata sinema nzima kichwani: kijana anaingia disko, muziki unamshika, anatoka nje bado anacheza, anacheza mpaka ufuoni, anacheza mpaka nyumbani, hawezi kuacha, mwishoni anaanguka na msichana wake anamlilia.

Kamera ilikuwa ya jirani yetu Bwana Okello, anayepiga video za harusi na matanga. Nilikuwa namsaidia kubeba waya zake, basi akanikubalia niitumie siku ambazo hana kazi. Niliipenda ile kamera. Ukiiweka begani inakufunika uso, unaangalia watu na wao hawakuoni.

Wakati huo Baba alikuwa amelazwa hospitali kwa ugonjwa wa kifua, na Mama alikuwa anashinda huko naye. Baba alibeba mizigo bandarini miaka mingi na disko aliliona ni mambo ya wahuni. Kabla hajalazwa aliniambia, "Owiti, wewe huna shule, huna kazi, kazi yako ni kusimama tu." Hakuniambia kwa hasira, na hiyo ndiyo iliniuma. Nilitaka akitoka hospitali aikute sinema imekwisha, nimwonyeshe, aone kwamba nikisimama pale nilikuwa na kitu nafanya. Sikutaka kingine.

Sehemu ya ufuoni ilikwenda vizuri. Odhis alicheza kando ya gugumaji, yale magugu ya ziwani, pale magari yanapooshwa, na waosha magari wakaacha ndoo zao wakamwangalia. Ikabaki sehemu ya mwisho, ya nyumbani, na shida ikawa jua. Jua la mchana lilikuwa linafanya nyuso ziwe nyeusi tupu kwenye picha. Basi nikafikiria kivuli, nikaenda kanisani nikaazima turubai, tukalifunga mbele ya mlango wetu, tukaweka viti vya kanisa, tukatoa spika nje. Odhis na Akinyi, aliyekuwa msichana wa sinema, walikuwa wamevaa mashati meusi, kwa sababu niliona yanafanana na muziki.

Wewe unayesoma, kama umeishi kwetu, umeshaelewa. Mimi sikuelewa. Kwetu turubai likifungwa mbele ya mlango wa nyumba yenye mgonjwa, na spika zikilia (muziki wa disko matangani ni kawaida), na kamera ya Bwana Okello ikionekana, hakuna mtu anauliza. Watu wanakuja.

Wa kwanza alikuwa Mama Atieno, anayeuza mgongo wazi, ile mifupa ya samaki ya kukaangwa. Alifika wakati Odhis ameanguka na Akinyi amepiga magoti analia kwa kuigiza, na alikuwa analia vizuri sana. Mama Atieno akatua karai lake, akaweka mikono kichwani, akaanza kumlilia Baba kwa jina. Akanishika bega. "Nyathina, mtoto wangu, alikwenda saa ngapi?"

Hapo ndipo ningesema. Maneno mawili tu yangetosha. Lakini wanawake wengine walikuwa wanaingia nyuma yake wakilia, na mimi watu wakiwa wengi mdomo wangu unajifunga, basi niliinamisha kichwa, na wao wakaona hilo ndilo jibu. Odhis akaamka pale chini akanitazama, machozi yamemjaa. "Omera, ndugu yangu, pole. Kwa nini hukuniambia?" Yeye naye alidhani habari imeletwa kutoka hospitali. Na mimi nilipomwona Odhis analia, na Akinyi sasa analia kweli, nikaanza kuwaza, labda hawa wamesikia kitu ambacho mimi sijasikia. Labda ni kweli. Nikarudisha kamera begani nijifiche uso, nikalia huko nyuma yake.

Viti vikajaa. Mtu akaleta sukari, mtu akaleta kuni. Mzee Ogola, ambaye aligombana na Baba juu ya mtaro wa maji mpaka wakaacha kusalimiana, alisimama akasema marehemu alikuwa mtu wa amani. Muziki haukuzimwa. Kila mtu alidhani ni kazi ya mwingine.

Basi Baba akatokea kona ya nyumba, kwa miguu, na Mama nyuma yake amebeba beseni na chupa ya chai. Walikuwa wamemruhusu asubuhi hiyo. Mama alipoona turubai aliangusha beseni. "Ni nani? Ni mtoto yupi?" Baba hakusimama. Alikuwa amekonda, sweta inamning'inia, anatembea polepole na fimbo, na miguu yake ikawa inaanguka sawasawa na ile ngoma ya mashine, hatua na ngoma, hatua na ngoma, katikati ya watu.

Alipita kwa Mzee Ogola. "Ogola, kumbe ulinipenda."

Kuna mtu alicheka, akakohoa kuficha. Baba akaja mpaka mbele yangu.

"Shusha hicho kitu nikuone."

Nikashusha.

"Ulikuwa unalia?"

"Ndiyo, Baba."

"Unanililia mimi, au unacheza?"

Nilitaka kusema yote mawili, lakini kwa baba yako unasemaje hivyo. Akaingia ndani akalala.

Bwana Okello alichukua kamera yake jioni hiyo, akanitupia kanda. Sukari ilibaki kwetu, hakuna aliyekuwa na uso wa kuja kuichukua. Watoto wakanipa jina la Sinema. Wazee wakasema nimemwitia Baba kifo, na kweli hakumaliza mwezi.

Asubuhi alipotutoka kweli nilikimbia kwa Mama Atieno. Nilisimama mlangoni nikasema, safari hii nilisema, na yeye akachungulia nyuma yangu kuangalia kama kuna kamera. "Owiti, nenda ucheze mbali," akaniambia. Hawakuja mpaka waliposikia sauti ya Mama. Mama hakutaka turubai. Watu walikaa juani.

Tangu siku hiyo sijagusa kamera, na nikiona watu wanafunga turubai, hata la harusi, napita njia nyingine. Ninyi vijana wenye mawazo kama yangu, zungukeni nyumba kwa nyumba kwanza mseme mnafanya nini, hata kama mna haya.

Lakini kanda ninayo. Niliiangalia mara moja, dukani kwa fundi wa televisheni. Sikuwa nimezima kamera. Baba anakuja kutoka mbali, muziki unapiga, anakuja mpaka uso wake umejaa kioo chote, anasema nishushe anione, halafu picha inaanguka na kuonyesha udongo, na sauti zetu zinaendelea. Hatuna picha nyingine yake akitembea. Mama hajui kwamba hii ipo. Tafadhali, mliosoma mpaka hapa, niandikieni mniambie, nimwonyeshe au niache? Mniandikie kwa herufi kubwa, nasoma polepole.