Nyuzi za Pasi Moto

Dobi huyu mtaa mzima ulimwita Pasi Moto, na si kwa sababu ya kazi yake tu. Ukimkawiza, anachemka. Akikaa dakika tano, kiti kinamchoma. Sasa mtu wa namna hiyo alifuata nini kwenye mashindano ya siku tatu, ambako vijana hukaa na kompyuta kutwa kucha wakibuni biashara? Wenye maneno walisema uzee umemchanganya. Sababu aliijua mwenyewe, na hakumwambia mtu.

Sababu ni macho. Mwaka uliopita daktari alimwambia mishipa ya macho imechoka, na kilichopotea hakirudi. Rangi ndizo zilizotangulia kuondoka. Na Pasi Moto aliishi kwa rangi: kila mteja alikuwa na uzi wake, mshono mdogo ndani ya kola au kiunoni mwa suruali. Buluu ni mwenye duka la dawa, kijani ni mwalimu, zambarau ni nesi. Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kuandika jina la mtu popote. Sasa buluu na kijani vilikuwa vimekuwa kitu kimoja, na yeye alikuwa anabahatisha.

Ndipo mpwa wake, binti wa dada yake anayesomea kompyuta chuoni, alipokuja kulalamika kwamba yeye na wenzake wawili wamejiandikisha kushindana na hawana wazo hata moja.

"Tengenezeni simu isome uzi wa kola," mjomba akasema upesi mno. "Isome, halafu itaje mwenye nguo."

"Kwani wewe unaihitaji, mjomba?"

"Mimi? Nyuzi zangu nazijua kama watoto wangu. Ni kwa ajili ya madobi wengine."

Washindi wangepewa chumba cha kufanyia kazi na wataalamu wa kuwasaidia kwa miezi sita, mpaka programu yao ikamilike. Bila programu hiyo, Pasi Moto alikuwa akiuona mwisho wa kibanda chake, na kazi nyingine hakuijua.

Jumamosi ukumbi ulijaa meza nyeupe, nyaya zimetambaa sakafuni, karatasi za rangi zimebandikwa kwenye vioo. Vijana waliandika, wakabandua, wakaandika tena. Pasi Moto aliwatajia kila uzi na mwenyewe, wakaviingiza kwenye simu, kisha akazunguka. Alitoka nje kumpigia mkewe aliyebaki kibandani.

"Suruali za nesi zimechukuliwa?"

"Zimechukuliwa."

"Alizikagua?"

"Baba wee, si umepiga sasa hivi tu? Kaa huko ushindane!"

Akarudi ndani, akaliona bango la waandaaji limejikunja, akauliza pasi iko wapi. Hakuna. "Mashindano gani ya akili hayana hata pasi?" akasema kwa sauti. Kijana mmoja alicheka mpaka kahawa ikampalia.

Saa nane mchana ilifika zamu ya mshauri, dada mmoja mwenye miwani aliyekuwa akipita meza hadi meza. Aliitazama programu, akaisifu, kisha akaharibu siku. "Lakini tatizo hili ni la nani? Dobi wenu mwenyewe anasema hajawahi kukosea. Kesho majaji watataka ushahidi."

Vijana wote watatu wakamgeukia. Pasi Moto akainama haraka, akajifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havikuwa na kamba.

Jumapili alasiri majaji walikuwa watatu, na mmoja wao ni yule mwenye duka la dawa, mteja wake wa uzi wa buluu. Kabla zamu yao haijafika, jaji huyo alikuja kumsalimia. "Aa, Pasi Moto! Na wewe umo?" Wakapeana mikono, na vidole vya dobi vikapita kwenye kifungo cha mkono wa shati. Moyo ukamlipuka. Kifungo kile kilishonwa kwa msalaba, uzi ukazungushwa mara mbili chini yake. Alikuwa amekishona yeye mwenyewe, kwenye shati la mwalimu.

Mpwa wake alieleza vizuri, dakika zake tatu zikatosha. Kisha swali likaja lile lile la jana: ushahidi uko wapi?

"Tuliambiwa madobi wengi wanachanganya nguo," binti akasema.

"Na nani?"

Pasi Moto alikuwa amesimama pembeni mwa jukwaa, jasho linamtiririka. Akinyamaza, jina lake linabaki safi na programu inakufa. Akisema, kesho nani atamletea shati? Mficha uchi hazai, walisema wahenga, ila wahenga hawakuwahi kujivua nguo mbele ya watu mia mbili. Akapiga moyo konde, akachukua kipaza sauti.

"Ushahidi umeuvaa wewe," alimwambia jaji. "Shati hilo ni la mwalimu. Nimelikosea mimi. Rangi sizioni tena, mwaka wa pili huu."

Alingoja wacheke. Hakuna aliyecheka, na jaji hakuigusa hata kola kuhakikisha.

"Najua," jaji akasema polepole. "Langu analo mwalimu, na leo sikuwa na jingine la kuvaa. Tungebadilishana jioni, kama kawaida."

"Kama kawaida?"

"Kuna kapu dukani kwangu. Mtu akipata nguo isiyo yake anaiacha pale, mwenyewe anaifuata. Tulikubaliana tusikwambie, mzee wangu. Tuliogopa utafunga."

Aibu ilimpanda mpaka masikio yakavuma. Kumbe mtaa mzima ulimbeba mgongoni kama mtoto mchanga, unamlipa kwa kazi ambayo wenyewe ndio wanaoimalizia! Alitaka kuwatukana wote. Alijua pia kwamba wanampenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Kapu lina nguo ngapi leo?" akauliza.

"Sijui. Muulize muuzaji wangu, duka liko wazi."

Akakirudisha kipaza sauti, akashuka jukwaani, akatoka. Mpwa wake akamfuata mbio na simu mkononi.

Duka lilikuwa mtaa wa pili. Muuzaji alilivuta kapu kutoka chini ya kaunta bila kuuliza neno. Pasi Moto alipiga magoti sakafuni, kati ya dawa za kikohozi na nepi, akageuza kola ya kwanza. Mpwa akaielekezea simu.

"Nesi," simu ikasema.

Ya pili. "Kinyozi."

Ya tatu, nesi tena. Kila jina lilimchoma. Alikuwa analia waziwazi huku akikunja na kupanga marundo, kila nguo kwa mwenyewe, na habahatishi. Alipofika nguo ya saba simu ikaita.

"Mjomba, waandaaji hao. Wanatuita jukwaani, matokeo yanatangazwa."

"Waambie tuko kazini," akasema, akaigeuza kola upande wa mwanga.