Mama na Mashine ya Barafu

Kila nikiingia kwenye uwanja wa kuteleza kwenye barafu, nikakutana na ile harufu ya mikeka ya mpira iliyolowa na moshi wa gesi, narudi kuwa mtoto wa miaka tisa. Nimekaa benchi kule Maplewood, mji wa ughaibuni tulikohamia, miaka ya tisini, namsubiri mama amalize kazi.

Mama alikuwa msafishaji pale. Siku moja msimamizi wake, Gary, mzee wa maneno machache, alimwambia kwamba dereva wa mashine ya kulainisha barafu anaacha kazi, na kwamba mama akitaka, yeye atamfundisha kuiendesha. Mama, ambaye hata kuendesha gari alikuwa hajajifunza, alikubali palepale. Akaja nyumbani na kitabu cha maelekezo, akakiweka mbele yangu.

"Kiingereza cha mashine kinanishinda," alisema. "Nisomee, mwanangu, halafu unieleze kwa Kiswahili."

Niwaambie ukweli, Kiswahili nilikuwa nakisikia tu. Mama akiniuliza jambo, nilimjibu kwa Kiingereza, wala sikuona ubaya. Sasa kila jioni nilitoka jasho mezani. Nilipomweleza kwamba kuna kisu kinachonyoa barafu ndevu, alicheka mpaka akashika meza. "Kinakwangua," alinirekebisha polepole. Nikasema nami, kinakwangua.

Siku ya kupimwa, Gary alisimama getini, mikono mfukoni. Mama alikwenda vizuri, barafu ikibaki nyuma yake inang'aa kama kioo, mpaka glovu ya mtoto mmoja ilipoangukia mbele yake. Akasimama ghafla. Nyuma ya mashine mvuke ukaanza kupanda. Maji ya moto ambayo mashine humwaga ili kulainisha barafu yalikuwa bado yanamwagika mahali pamoja, na yangeyeyusha shimo.

"Mama, funga maji!" nilipiga kelele kwa Kiswahili, bila kufikiri. "Funga maji!"

Akafunga. Gary aliinamisha kichwa kuonyesha ameridhika. Lakini mama hakumtazama Gary. Alinitazama mimi, akitabasamu kwa namna ambayo sikuielewa.

Nilikuja kuielewa nikiwa mtu mzima, siku mama alipoagwa kazini akistaafu. Gary, wakati huo anatembelea mkongojo, aliniambia kitabu kile mama alikimaliza kukisoma peke yake siku ileile aliyopewa, wakati wa chakula cha mchana, kisha akamjia yeye Gary na maswali ambayo hata yeye yalimshinda kuyajibu.

Kumbe jioni zote zile mwanafunzi nilikuwa mimi. Nilimgeukia mama. Alikuwa anakata keki kwa makini sana, kama vile hajasikia kitu.